Mizani ya Kibaigwa

Kwanza ulikuwa ugali.
Nikasema uwele wa mwaka huu umesagwa vibaya,
nikahama mashine.

Halafu ukawa mlenda.
Mlenda, jamani!
Ambao mtoto asiye na jino huumeza akicheka,
ambao bibi alisema hauhitaji koo, wahitaji mdomo tu.
Ulifika hapa, katikati ya kifua,
ukaketi
kama mgeni aliyeambiwa mwenye nyumba hayupo.

Halafu maji.

Nikajifunza hila. Kula nimesimama.
Kusukuma tonge kwa kikombe, kidevu juu kama jogoo.
Kula wa mwisho, kisha kula peke yangu,
kisha kusema nimeshiba kabla sijanawa.
Harusi ya Chiloleti nilikula kwa macho.

Na usiku, uwele wa saa moja jioni
ulirudi bila kichefuchefu, bila uchachu,
mzima kama nilivyoutia mdomoni,
ukalala nami mtoni mwa kichwa.
Nilikohoa mpaka alfajiri.

Duka la dawa wakanipa vidonge vya vidonda vya tumbo:
boksi la kwanza, la pili, la saba.
Shangazi Mbeleje akasema nimelishwa kitu
na jina la jirani akalitaja.
Sikubisha. Jina lina faida yake:
ukishapata wa kumchukia
huhitaji nauli ya kwenda hospitali.

Nami kazi yangu ni kupima mahindi.
Lumbesa naijua kwa kuitazama tu mgongoni mwa mpakiaji.
Gunia lililoloweshwa, gunia lenye mawe chini,
yote nayajua; hakuna dalali Kibaigwa
aliyewahi kuniibia kilo mbili.

Jioni moja ya Agosti, soko limefungwa,
vumbi linazunguka peke yake uwanjani,
nikavua viatu, nikapanda mwenyewe.

Arobaini na nne.

Nikashuka. Nikafuta chuma kwa upindo wa kanga.
Nikapanda tena.
Machi nilikuwa hamsini na nane.
Kilo kumi na nne: mtoto wa miaka mitatu
ameshuka mwilini mwangu, na sikumzaa.

Dodoma mjini waliniteremshia kamera kwanza,
wahakikishe si saratani.
Kisha wakaninywesha uji mweupe kama chokaa
nimesimama mbele ya mashine.
Daktari Sakalani akanionyesha picha:
umio wangu umetanuka kama gunia,
na chini kabisa umechongoka, mdomo wa ndege.
"Mlango huu umesahau kufunguka," akasema.
"Akalasia. Katika watu laki moja,
mwaka mzima, humpata mmoja hivi."

Punje moja katika magunia yote ya soko langu.

Nikamwuliza: na kama ningekuja Machi?
Hakunigombeza. Aliichezea kalamu.
"Ungekuja na nyama zaidi," akasema,
"na mapafu yasiyokwaruza."

Akanieleza kisu, na puto la kutanua.
Nilichagua kisu. Msuli ukakatwa kidogo, mlango ukalegea.
"Lakini mishipa iliyokufa haitafufuka.
Tangu leo chakula kitashushwa na uzito wake chenyewe."

Uzito. Hapo ndipo nilipomwelewa.

Sasa nakula wima, polepole, kikombe pembeni.
Kichwani mwa kitanda nimeweka matofali mawili.
Ugali bado hunikumbusha, siku nyingine.
Mlenda unapita.

Jana nimemwona Ndahani mpakiaji
amejibanza nyuma ya lori,
tonge shavuni, maji mkononi,
kidevu juu.

Huenda si ugonjwa wangu.
Huenda ni vumbi, huenda ni haraka ya njaa.
Nikamwuliza tangu lini. Akasema, tangu Pasaka.
Nikamwuliza maji je. Akatazama chini.

Sikumpa pole. Nikamwandikia jina la hospitali
nyuma ya stakabadhi ya mahindi,
nikampa na nauli, asije akatafuta jirani.
Akasema atasubiri kwanza msimu uishe.

Nikasogeza gunia lililokuwa juu ya mizani.
"Panda," nikamwambia.